Pistoni za 1HZ ya kuvuta trela

1HZ, injini ya Toyota Land Cruiser, ni dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), silinda ina kipenyo cha 94 mm na mwendo wa pistoni wa 100 mm, na kampresheni yake ya kiwandani, yaani kiasi hewa inavyobanwa, inazidi 22:1. Kwa gari linalovuta trela la alizeti kutoka Dodoma kwenda Iringa, ibakie hapo hapo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ukishusha kampresheni, asubuhi za Julai utawasha injini kwa mbinde na moshi mweupe.

Kazi kubwa iko kwenye bloku. Kila silinda ina takriban cc 694, na nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni kama cc 32 tu. Fundi akiusawazisha uso wa bloku kwa 0.1 mm, anaondoa karibu cc 0.7, na kampresheni inapanda kwa nusu pointi hivi. Basi pima kwa dayali geji (kipimo chenye mshale) pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku, zote sita, ndipo uchague unene wa gasketi ya kati ya bloku na silinda hedi. Kurudishia gasketi ya unene uleule bila kupima ni kubahatisha tu.

Unaponunua pistoni za oversaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo), kagua mfereji wa ringi ya juu: uwe na bangili ya chuma ndani ya aluminiamu, rangi yake inatofautiana. Za bei ya kutupa wakati mwingine hazina. Mlima wa Nyang'oro, ulio kwenye njia hiyo ya Iringa, na mzigo nyuma utautanua mfereji huo, ringi icheze, oili iliwe.

Ukitaka tabo, hesabu inabadilika kabisa.