Usiku wa kwanza Guangzhou: anza na saa ya kutua, bei baadaye

Wengi wanaokwenda kufuata mzigo China hubuku hoteli ya Guangzhou kwa kuangalia bei na ukaribu wa soko. Kuanzia usiku wa pili hiyo ni hesabu nzuri. Usiku wa kwanza una hesabu yake: mwili umechoka, saa za kule ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5, simu bado haijatulia, na mtaji wote uko nawe. Kwa hiyo uliza kwanza ndege inatua saa ngapi.

Uwanja wa Baiyun uko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 30 kutoka mitaa wanayofikia wafanyabiashara wa Kiafrika, hasa Sanyuanli na Xiaobei. Metro, yaani treni ya mjini, inaanzia uwanjani hapohapo, laini namba 3. Wa Sanyuanli anashuka Jiahewanggang na kuhamia laini namba 2. Wa Xiaobei anaendelea na hiyo namba 2 hadi kituo cha reli cha Guangzhou, kisha anapanda laini namba 5 kwa kituo kimoja tu. Nauli haifiki yuan 10. Tatizo ni kwamba metro hufungwa karibu saa tano usiku, na foleni ya uhamiaji pamoja na kusubiri mabegi inaweza kula saa nzima au moja na nusu. Ukitua baada ya saa tatu usiku, metro usiitegemee. Asubuhi nako, kati ya saa moja na nusu na saa tatu, laini namba 3 hujaa kupita kiasi. Mwenye mabegi mawili makubwa asubiri kidogo au achukue teksi. Teksi zina foleni yake nje ya jengo, na mita hadi Xiaobei mara nyingi husoma kati ya yuan 100 na 150. Wanaokufuata ndani ya ukumbi wakikutajia bei, wapite.

Msimamo wangu ni huu: ukitua kati ya asubuhi na jioni, nenda mjini moja kwa moja. Ukitua usiku mkubwa, lala karibu na uwanja, kisha uingie mjini kesho yake saa nne umeshaoga na kula. Hoteli nyingi za upande wa Renhe na Huadu hutoa gari la bure kutoka uwanjani, lakini si zote zinazofanya hivyo usiku kucha, na dereva huja kwa kupigiwa simu, kwa Kichina. Waandikie siku moja kabla kupitia programu uliyobukia, uwatajie namba ya ndege, saa ya kutua na jengo utakalotokea. Wasipojibu, tafuta hoteli nyingine mapema.

Hapa kwenye tarehe ndipo watu wengi hupoteza pesa. Tuseme ndege inatua tarehe 13 saa saba na nusu usiku, yaani tiketi imeandikwa 01:30. Huo ni usiku wa kuamkia tarehe 13, kwa hiyo chumba kianze tarehe 12. Ukibuku kuanzia tarehe 13, chumba utakipata saa nane mchana, na usiku huo utaumalizia kwenye kiti cha mapokezi. Ukibuku tarehe 12 bila kuwaarifu kwamba utachelewa, wanaweza kukuhesabu kuwa hukutokea na kukifuta chumba pamoja na siku zote zilizobaki. Ujumbe mfupi wa kuwaambia unafika saa 01:30 hadi 03:00 unakukinga, na jibu lao lipige skrinshoti.

Mjini, kwa anayekwenda mara ya kwanza, ningemwelekeza Xiaobei. Pale kuna vyakula vya halali na vya Kiafrika, ofisi za kago, na jengo la Tianxiu ambalo wafanyabiashara wa Kiafrika wamelizoea miaka mingi. Sanyuanli inamfaa aliyefuata mabegi na bidhaa za ngozi kule Guihuagang, au nguo za soko la Canaan. Buku usiku 2 tu, kwa masharti yanayoruhusu kufuta bila kukatwa. Ukishaona mtaa kwa macho yako ndipo ujadili bei ya wiki, na ana kwa ana mara nyingi hupunguziwa.

Kuna jambo moja la kisheria lisilo na mzaha. Mgeni akilala hotelini, hoteli ndiyo inayomwandikisha polisi kwa pasipoti yake. Akilala kwa rafiki, kwa ndugu, au kwenye fleti ya kukodi kwa siku, ni lazima yeye au mwenye nyumba afanye uandikishaji huo kwa polisi wa mtaa huo ndani ya saa 24. Asipofanya hivyo anaweza kuonywa au kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Xiaobei ukaguzi wa pasipoti mitaani ni jambo la kawaida, na sheria inamtaka mgeni atembee nayo. Ndiyo maana fleti ya kukodi kupitia wakala, hata ikiwa nafuu, siishauri kwa usiku wa kwanza: unafika usiku, kituo hukijui, na mwenye nyumba hapokei simu. Mkiwa wawili chumba kimoja, wote muandikishwe. Mwaka 2024 serikali ilizitaka hoteli zisikatae wageni wa nje, ila hoteli ndogo ambayo mhudumu hajui kuingiza pasipoti kwenye mfumo bado inaweza kukurudisha mlangoni. Soma maoni ya wageni wa nje waliolala hapo karibuni. Yasipokuwepo hata moja, iache.

Mapokezi wataomba dipoziti, mara nyingi yuan 100 hadi 500. Lipa taslimu ukiweza, kwa sababu pesa iliyozuiwa kwenye kadi ya nje inaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, na risiti itunze hadi siku ya kuondoka. Angalia pia kama chumba kina dirisha. Vyumba vya bei ya chini visivyo na dirisha ni vingi Guangzhou, na harufu ya sigara humo haitoki.

Simu iandae ukiwa nyumbani. Weka Alipay, programu ya malipo ya Kichina, na uunganishe kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye mtandao wa kule, ingawa laini ya nyumbani yenye romingi huzifungua. Ramani ya Google inaweza kuiweka hoteli mita mia kadhaa kando ya ilipo, hivyo dereva mwonyeshe jina na anwani kwa herufi za Kichina pamoja na namba ya simu ya hoteli, vikiwa vimehifadhiwa kama picha. Beba pia adapta: plagi zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii kwenye soketi nyingi za kule, na simu ikizima, malipo, anwani na tafsiri vyote vimezima.

Mwisho, kalenda. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton hufanyika hapa Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Aprili hadi 5 Mei, na 15 Oktoba hadi 4 Novemba. Siku hizo bei za vyumba mara nyingi hupanda maradufu, hata mbali na Pazhou yanakofanyika. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, sogeza safari. Kama ni lazima, buku miezi 2 kabla, au lala jiji jirani la Foshan, ambako metro ya Guangfo inakuunganisha na Guangzhou, hasa ikiwa unafuata vigae au samani, maana viwanda vyake viko hukohuko.