Siku moja ya Januari 2026: kocha kaondoka, wageni wako angani

Nyumbani Kisauni wanajua nafanya "kazi ya mpira" Marekani, na shangazi yangu bado anasubiri nimpelekee jezi ya Messi. Hapa nilipo, kwenye chuo kikuu kimoja cha upande wa kaskazini ambako theluji haina adabu, wengi wanadhani wanawake wa ofisi ya usajili wa wachezaji tumewekwa pale kutabasamu na kupiga picha. Shangazi ana udhuru. Hawa wengine wananiudhi.

Mchezo wetu ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na kugongana. Mimi si kocha. Kazi yangu ni kumpokea mchezaji tunayemtaka, yeye na familia yake, kuanzia anaposhuka kwenye ndege mpaka anapoondoka, na kuhakikisha anayoyaona katikati yanamfanya atamani kurudi. Msimu huu nimekabidhiwa nafasi yenye kilio kingi: raningibeki, yule mbeba mpira anayepewa mpira mkononi na kutakiwa apenye katikati ya wanaume wa kilo 140.

Saa kumi na moja alfajiri

Simu kabla ya mswaki. Dirisha la uhamisho limefunguliwa tarehe 2 na litafungwa tarehe 16. Mwaka huu ni hilo tu, la Aprili limefutwa. Nahamishia majina ya usiku kwenye jedwali letu, naangalia nani amebakiwa na miaka mingapi ya kucheza, nathibitisha vyumba vya hoteli, namkumbusha mpishi kwamba mama wa mgeni wa leo hali kamba.

Saa moja asubuhi

Kikao. Kocha wetu mkuu alifutwa kazi Novemba, na aliyekuja bado anapotea njia akitafuta chumba cha video. Wabeba mpira wetu karibu wote wameingia kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya wanaotaka kuhama chuo. Waliobaki ni wawili, na mmoja ametoka kupasuliwa goti. Ndiyo maana kijana anayekuja leo, aliyekimbia na mpira kupita yadi elfu moja kwenye chuo kidogo cha kusini, ndiye jina la kwanza ubaoni. Kinachomvutia kwetu si kocha mkuu, bali kocha wa wabeba mpira, mtu pekee wa benchi la zamani aliyebakizwa, ambaye amekuwa akimpigia simu tangu yuko sekondari.

Haikufika saa tatu, kocha huyo akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akasema anaondoka. Timu moja ya NFL, ligi ya kulipwa, imemwita na ndege yake ni mchana. Akaniomba nimsalimie mama wa kijana. Kweli, makocha wasaidizi hawana usalama: mkubwa wao akifukuzwa, kila mmoja anahangaikia kodi ya nyumba. Hilo nalielewa, na bado nilimkasirikia mpaka nikanyamaza.

Agizo likashuka: usiseme lolote, kocha mkuu ataongea nao ana kwa ana. Agizo zuri, ila mtoaji alisahau kwamba waandishi wa habari nao wana simu. Nikaenda uwanja wa ndege kama mtu anayepokea wageni wa harusi na bwana harusi keshatoroka.

Saa nne, na ndege haijatua

Theluji. Ubao unasema inachelewa kidogo, kisha unasema inachelewa zaidi, kisha unaacha kusema. Nakunywa kahawa mbaya, naandika upya ratiba ya siku nzima kwa simu: chakula cha mchana kisogezwe, mshauri wa masomo asubiri, mpiga picha aje mwisho. Kila ninayempigia ananiuliza kama familia imeshajua. Sijui! Wako angani.

Walipotokea, sikuhitaji kuuliza. Kijana alikuwa na vifaa vya masikioni na macho chini. Mama alinisalimia vizuri. Mjomba, mstaafu wa posta mwenye daftari jeusi kwapani, alikuwa na simu mkononi, habari imefunguliwa.

"Binti," akasema kabla sijashika begi, "kocha wetu yuko wapi?"

Nikamwambia kocha mkuu anawasubiri na atawaeleza mwenyewe.

"Sikumuuliza kocha mkuu. Kocha mkuu hatamfundisha mpwa wangu aweke mguu wapi."

Barabara ambayo siku za kawaida ni dakika arobaini ilituchukua karibu saa mbili. Magari yanatambaa, vifuta vioo vinalalamika, na mjomba, aliyekaa mbele pembeni yangu, hakupumzika. Aliuliza mishahara ya makocha. Aliuliza mkataba wa mratibu wa mashambulizi unaisha lini. Alipiga picha kibao cha barabarani, sijui cha nini. Halafu akafungua daftari.

"Mwaka 2015," akaanza, "kijana wa Detroit, Mike Weber, alitia saini chuo cha Ohio State. Kesho yake kocha wa wabeba mpira, Stan Drayton, akaenda Chicago Bears ya NFL. Kesho yake, binti!"

"Alibaki, mzee," nikamwambia. "Na 2016 akapita yadi elfu moja."

"Angekwenda wapi? Zama zile ukihama unakaa nje mwaka mzima."

Kazi hii haikupi nafasi ya kutojua historia, nami nilikuja na yangu. Nikamsimulia Quinshon Judkins, mbeba mpira aliyetoka chuo cha Ole Miss kwenda Ohio State Januari 2024. Machi, kocha wa wabeba mpira, Tony Alford, akahamia Michigan, tena mahasimu wakubwa. Akaletwa Carlos Locklyn kutoka Oregon. Judkins hakutikisika. Aligawana mpira na TreVeyon Henderson, kila mmoja akapita yadi elfu, Januari 2025 wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23 wakatwaa ubingwa wa taifa, na kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL wakachukuliwa wa 36 na wa 38. Kocha aliyemsajili hakuwepo, na kijana alifika.

Mjomba aliandika yote, hata tarakimu. Nikadhani nimeshinda.

"Judkins alikuwa na dirisha la Aprili," akasema, bila kuinua macho. "Asingempenda huyo Locklyn, angetoka. Mpwa wangu atatokea wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna. Sheria ya sasa ni hivi: kocha mkuu akiondoka, siku tano baada ya mrithi wake kupatikana wachezaji wanafunguliwa mlango wa siku kumi na tano. Akiondoka kocha wa nafasi yako, yule unayekaa naye kila siku, hufunguliwi kitu. Hata mtoto wa sekondari aliyekuja kwa ziara ya kulipiwa anaruhusiwa kurudi mara ya pili kama kocha mkuu amebadilika. Kocha wa nafasi hahesabiki. Na tarehe 16 ikipita, ukishaingia darasani, umefungiwa mpaka Januari nyingine. Makocha hawana tarehe 16.

"Na Februari je?" mjomba akauliza. "Huyo mtakayemleta, Februari akiitwa na yeye?"

"Kaka," mama akasema kutoka nyuma, "mwache dada aendeshe."

Alinyamaza kwa muda wa taa moja nyekundu.

Saa nane kasoro, chakula

Walikula. Mama akakaa na mshauri wa masomo akihesabu ni masomo gani ya kule yatakubaliwa huku, na kwa kweli ndiye aliyeuliza maswali ya maana kuliko wanaume wote waliokuwa mezani.

Kocha mkuu alifanya vizuri. Hakuzungukazunguka. Alisema ameondokewa asubuhi, kwamba mfumo wa mashambulizi ni wake yeye na hauondoki na msaidizi, na kwamba ukuta wa mbele, wale wanaomfungulia mbeba mpira njia, karibu wote unarudi. Mjomba akasikiliza, akauliza: "Na Februari je?" Kocha mkuu akajibu, "Nitakuwepo mimi." Ikaandikwa.

Baada ya hapo swali hilo lilizunguka jengo zima. Aliulizwa kocha wa viungo. Aliulizwa mtaalamu wa lishe. Aliulizwa mzee anayepiga deki karibu na bwawa la maji baridi, na huyo ndiye aliyejibu kwa ukweli kuliko sote: yeye atakuwepo.

Kwenye chumba cha video ndipo ninapojivunia. Vyuo vingi humwonyesha mbeba mpira mabao. Mimi na mchambuzi wetu tuliketi usiku uliotangulia tukakata picha za aina nyingine: mbeba mpira wa kocha mkuu huyu mpya, kwenye chuo alichotoka, akipokea pasi, akimkinga kwotabeki, yaani mrusha pasi, akipumzishwa kwa wakati. Kijana wa nafasi hii anajua miguu yake ina muda. Ukimwambia utambebesha mpira mara thelathini kila Jumamosi, anayecheka ni wa miaka kumi na saba. Wa miaka ishirini anahesabu vipigo. Kijana wetu alitoa kifaa kimoja sikioni. Kidogo hicho, kwangu ni kikubwa.

Meneja akaja na mambo ya fedha. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Kwotabeki hukata kipande chake kwanza, na mbeba mpira husogea mezani sahani zikiwa zimepungua. Meneja akamtaja mbeba mpira Ashton Jeanty, kama wanavyomtaja wote mwaka huu: chuo chake, Boise State, kilimfukuza kocha mkuu Novemba 2023, akapandishwa Spencer Danielson aliyekuwa pale pale, Jeanty akabaki, na 2024 akakimbia yadi 2,601. Mfano mzuri, isipokuwa Danielson alikuwa wa ndani na wetu ametoka mbali. Mjomba alimkumbusha hilo. Nilitazama dari.

Picha za jezi zilikwisha salama; namba aliyoitaka ina mwenyewe.

Kutoka hapo sikutazama tena saa. Viatu vimelowa, tumboni nina nusu ya ndizi, na njia ya kwenda kwenye nyama choma ya wageni ilibidi isafishwe na trekta. Mezani makocha wanacheka kwa sauti ya kazi. Kijana hakuwa amesema maneno ishirini tangu atue. Sasa akaniinamia: anaweza kuongea na yule mbeba mpira mwenye goti?

Nikapiga simu. Mwenye goti akaja na magongo yake, theluji begani. Nikawatafutia meza ya pembeni. Kocha mmoja akainuka ajiunge nao, nikamsimamia njiani nikamwomba anisaidie kuchagua kitindamlo, naye akaelewa. Waliongea mpaka wahudumu wakaanza kupanga viti. Nilipopeleka maji nilisikia machache: kwamba ukuta wa mbele ni wa kweli, kwamba chakula cha Jumatatu hakiliki, kwamba kocha aliyeondoka hakumpigia hata kumuaga, lakini mtaalamu wa goti humpigia kila jioni. Hakuna kocha ambaye angempangia maneno hayo, na ndiyo yaliyomfanya kijana avue vifaa vyote viwili masikioni.

Atakuja? Ana vyuo vingine viwili vya kutembelea wiki hii, na kimoja kina kocha wa wabeba mpira ambaye hajaondoka. Bado.

Nimewafikisha hotelini, nimerudi ofisini kupanga risiti, nimekula wali wa juzi nimesimama. Simu ikalia, ujumbe wa mjomba: "Huyo anayekuja kuhojiwa nafasi ya kocha, anatua saa ngapi?"

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba kuna anayekuja. Kweli yupo, kesho asubuhi, na dereva wake ni mimi. Nikamjibu kwamba siruhusiwi kusema.

"Haidhuru," akaandika. "Ndege yetu ni saa tatu. Nitakaa pale wanapotokea abiria."