Kontena za Masoro

Nipo Kigali kikazi. Jana nimepanda bodaboda (huku wanaiita "moto") kutoka Remera kwenda Masoro, kwenye eneo maalumu la kiuchumi. Dereva ananipa helmeti huku akiuliza, "Kaka, kwa Wajerumani wa chanjo?" Kumbe BioNTech wanajulikana hadi kijiweni!

Msingi wa kiwanda uliwekwa Juni 2022, kontena za kwanza zikatua Machi 2023. Ndiyo, kontena: vyumba vya kutengenezea chanjo za mRNA (zinazoupa mwili maelekezo ya kujifunza kujikinga) vimeundwa Ulaya vikiwa tayari ndani yake, huku vinaunganishwa tu. Mimi niliishia kuona uzio na paa, walinzi hawana mzaha.

Majengo watu wanapiga picha, ila kilichonivutia ni mdhibiti wa dawa wa Rwanda, yaani mamlaka inayokagua na kuidhinisha dawa na chanjo. Desemba 2024 WHO iliwapandisha ngazi ya 3 kati ya 4 za kupima uwezo wa wadhibiti, na bila hiyo chanjo itakayotengenezwa hapa haiwezi kupata ithibati ya WHO. Makao makuu ya Wakala wa Dawa wa Afrika nayo yako mji huu huu.

Kinachoniuma kidogo: mdhibiti wetu Tanzania alifika ngazi hiyo kwenye dawa tangu 2018, wa kwanza Afrika. Na bandari tunayo!