Siku Moja Maishani Mwangu: Kutwa Nzima Kwenye Vikao vya Ukuaji wa Watoto, Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nikipanga kikapu changu cha kupimia watoto, kwa kuwa waandaaji wa kongamano walituomba tuje na vifaa tunavyotumia kazini. Mimi ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha serikali nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kikapuni mna mpira wa kitambaa, vizibo vya chupa, vipande vya mbao vilivyolainishwa kwa msasa, kikombe, kijiko na kitabu cha picha. Kufikia saa mbili nilikuwa ukumbini, nikachagua chumba kilichotengewa utafiti wa ukuaji na tabia za watoto, nami sikutoka humo isipokuwa wakati wa chai na chakula.

Kikao cha kwanza, saa mbili na nusu, kilihusu vipimo vya ukuaji wa mtoto. Mwasilishaji alieleza historia ya MDAT, kipimo cha Malawi kilichochapishwa mwaka 2010: watafiti walianza na vipimo vilivyotungwa Ulaya na Marekani, wakaondoa au kubadilisha vipengele ambavyo mtoto wa kijijini asingevifahamu, hadi wakabaki na nyanja nne, yaani misuli mikubwa, kazi za vidole, lugha na mahusiano na watu. Hapa kwetu, watafiti wa Kilifi nao walitengeneza kipimo chao kwa watoto wa pwani. Nakubaliana kabisa na kazi ya namna hiyo. Mtoto wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, anayekaa nyumba isiyo na ngazi hawezi kuhesabiwa kuwa amechelewa eti kwa sababu hapandi ngazi, ilhali akipewa vizibo huvipanga kimoja juu ya kingine bila kuviangusha.

Saa nne, wakati wa chai, nilisimama kwa muda mrefu mbele ya bango lililozungumzia malaria ya ubongo. Lilitaja utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia watoto wa umri wa kwenda shule waliopona ugonjwa huo, na miaka 2 baadaye takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na matatizo ya kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Sisi wa ukanda wa ziwa tunaijua malaria hiyo vizuri: degedege, kupoteza fahamu, sindano ya artesuneti, kisha furaha ya wodi nzima mtoto anapofumbua macho na kumwita mama yake. Huruhusiwa kwenda nyumbani na faili hufungwa. Anapofika darasa la tatu na kushindwa kufuata masomo, mwalimu humwita mvivu, wala hakuna anayeuliza kama aliwahi kulazwa. Naamini faili hiyo haipaswi kufungwa siku ya kuruhusiwa.

Kuanzia saa tano hadi saa saba tulizungumzia usonji, hasa dodoso la M-CHAT-R, ambalo lina maswali 20 kwa wazazi wa watoto wa miezi 16 hadi 30. Kila jibu la kutia shaka ni alama moja. Mtoto akipata alama 0 hadi 2, hatari ya usonji ni ndogo. 8 na kuendelea, apewe rufaa moja kwa moja. 3 hadi 7, mzazi ahojiwe tena kuhusu yale majibu yaliyotia shaka. Mahojiano hayo ya pili ndiyo yanayorukwa kliniki zikijaa, nayo ndiyo yenye thamani kubwa. Mwezeshaji alituonyesha kwa kumhoji mama mmoja aliyejitolea, ambaye alikuwa amejibu kwamba mwanawe hanyooshi kidole kuonyesha kitu.

“Mama, ndege ikipita juu yenu ikielekea uwanjani, yeye hufanya nini?”

“Ah, hiyo lazima anionyeshe, daktari. Huonyesha, kisha hunigeukia aone kama nimeiona.”

Jibu moja lilibadilika papo hapo, kwa kuwa mama alikuwa ameelewa kwamba anaulizwa kuhusu kuomba chakula.

Saa saba tulikula, na saa nane wazazi wakachukua nafasi ya watafiti. Mama wa mtoto wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo alisema kwamba humbeba mgongoni hadi stejini, na makanga humtoza nauli ya viti viwili. “Madaktari wangu, nifundisheni kumkalisha na kumlisha vizuri nyumbani,” alisema, “kwa sababu kila wiki siwezi kuja.” Mwenyekiti wa kikao, daktari bingwa wa watoto, aliandika maneno hayo. Kulikuwa pia na makadirio ya mwaka 2016 katika jarida la Lancet, kwamba watoto milioni 250 walio chini ya miaka 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati wamo hatarini kutofikia uwezo wao wa ukuaji, lakini mimi nilikuwa bado nikiwaza kuhusu viti viwili.

Saa kumi tuligawanywa kwa kaunti ndogo tuandike mtoto aliyegunduliwa kuwa na tatizo la ukuaji aende wapi: tiba ya viungo, tiba ya kazi (inayomsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku), kliniki ya kifafa, au kituo cha EARC kinachotathmini mahitaji ya kielimu. Nilipendekeza tuanzie kwenye ziara iliyopo tayari. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, umri unaoangukia ndani ya ule wa dodoso la usonji, hivyo maswali 20 yanaweza kuulizwa mama akisubiri zamu yake. Muuguzi mmoja alipinga, akisema kwamba wengi hawarudi kwa chanjo hiyo, nami nikaona ana haki. Tukaafikiana kwamba wahudumu wa afya wa jamii wataanza kuwatafuta watoto hao nyumba kwa nyumba kwa kutumia rejista ya chanjo. Mtaalamu wa tiba ya kazi naye alikubali kuja kituoni kwetu siku za chanjo, awafundishe akina mama namna ya kuwakalisha na kuwalisha watoto wao, na kabla ya saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumeshapanga tarehe ya kwanza.