Meza ya kioo ya mdogo wangu

Niliikuta imesimama kwa miguu mitatu na tofali, nyuma ya rundo la magodoro, katika banda la dalali mmoja wa vyombo vikuukuu upande wa Mwembe Tayari, Mombasa. Meza ya kioo ya zamani, kioo chenyewe kimeota madoa meusi pembeni, droo tatu, na stuli yake isiyo na kikalio. Aliyekuwa nayo alikuwa ameipiga vanishi juu ya vanishi hata imekuwa nyeusi kama kahawa chungu. Dalali alitaja shilingi 6,000. Nikamwonyesha tofali. Tukamalizana kwa 3,500, na 300 za mkokoteni, hamali akaivuta mpaka Kibokoni huku mimi natembea ubavuni, nimekumbatia kioo kama mtoto mchanga.

Ilikuwa Mei 2018, Ramadhani ndiyo inaanza, na masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imewekwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kwetu vyombo vya chumba huwa juu ya bwana harusi, na wenzetu walishasema kitanda, kabati na mapazia ni yao. Mamangu akajibu sawa, lakini meza ya kioo itatoka kwetu. Maneno hayo yalifika kwa shangazi yake bwana harusi, na majibu ya shangazi yakatufikia sisi kabla ya maghrib: ngojeni muone, wataleta cha mnadani. Mamangu hakusema kitu. Wala hakutoa pesa ya kununua mpya, kwa sababu hakuwa nayo. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimewahi kupaka rangi fremu mbili za picha na sanduku moja la bati, na kwa hayo nyumba nzima ilishanipa ufundi.

Elimu yangu yote niliitoa kwenye simu. Wanawake wa Ulaya na Marekani wanachukua kabati la nyanya zao, wanalipaka rangi ya chaki, na video haijafika dakika kumi kabati limekuwa jipya. Hakuna haja ya msasa, wanasema. Rangi ya chaki ya mkebe ilinishinda bei, basi nikakoroga yangu: vikombe vitatu vya rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, na kikombe kimoja cha plasta ya Paris iliyovurugwa kwanza kwa maji mpaka ikawa kama uji. Hapo ni mbio, maana plasta ikianza kushika huna rangi tena, una jiwe ndani ya ndoo.

Msasa nilipiga kidogo, kwa wasiwasi tu. Vumbi lake lilikuwa na ukali wa pilipili manga. Nilijifunga mtandio puani na bado nikapiga chafya mfululizo, hata babangu akauliza kutoka chumbani kama saumu yangu i salama.

Nilipaka mkono wa kwanza baada ya tarawehe, ukumbini, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Rangi ilikaa kama maziwa. Nikaenda kulala najiona mtu.

Nilipoamka kula daku nikaichungulia kwa tochi ya simu. Juu ya ule weupe kulikuwa na madoa ya manjano, mengine ya hudhurungi, kama mtu amemwaga chai ya rangi akaifuta kwa kiganja. Na mbu wanane wameganda, miguu juu. Mbu niliwaelewa. Madoa nilidhani ni dari inavuja, nikapapasa dari, kavu. Nikamshuku kaka yangu na chai yake, akaapa. Nikapaka mkono wa pili, kesho yake chai ile ile, mahali pale pale. Mkono wa tatu ndio ulionitoa machozi. Kwa unyevu wa siku zile rangi yenyewe ilikuwa haikauki vizuri, ukiigusa inakushika kidole, na harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu.

Kwenye uchochoro wa pili kulikuwa na mzee fundi wa kuchonga milango. Mamangu ndiye aliyemwita. Alikuja baada ya alasiri, akaitikia shikamoo yangu, wala hakushughulika na rangi hata kidogo. Alichomoa droo moja, akaipindua, akakwaruza chini yake kwa msumari, akanusa.

"Huu mvule, mwanangu. Umeupaka maji, nao umekujibu."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Mvule una rangi yake ndani na mafuta yake. Ukiupaka kitu cha maji, maji yanaingia, yanaiyeyusha ile rangi na kupanda nayo juu. "Paka mara kumi. Ya kumi na moja itakuwa chai vilevile." Halafu akanyamaza kidogo, akasema lile lililokuwa likimwasha tangu aingie: "Watu wanautafuta mvule kwa taa, wewe unauvisha kanzu?"

Nilimwambia bi harusi anataka nyeupe. Ilikuwa kweli, mdogo wangu alikuwa ameshanitumia picha kumi na tano za vyumba vyeupe. Lakini mpaka leo nusu yangu iko na yule mzee. Mvule mzima, ulionyooka, mimi siupaki rangi tena, nauosha vanishi yake na kuupa mafuta, basi. Ule haukuwa mzima: ubavu mmoja ulikuwa umetiwa plaiwudi, na juu yake palikuwa na alama ya pasi iliyoungua mpaka ndani. Kanzu ilikuwa stara yake.

Dawa yake aliileta mwenyewe siku ya pili: shelaki, vipande vyembamba vya rangi ya asali, ukivishika utadhani maganda ya kitunguu, ndani ya chupa ya spiriti. Vilikaa usiku kucha vikayeyuka. Siku iliyofuata ilinyesha, na mzee akakataa kuigusa meza. Shelaki ikipakwa kwenye unyevu, alisema, inaota ukungu mweupe. Tulingoja siku mbili. Jua lilipotoka akaniamrisha nikwangue rangi yangu yote, ile ya machozi, na safari hii msasa niupige sawasawa, kisha nifute vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Akafunga pamba ndani ya kitambaa cha fulana, akachovya, akapitisha mara moja kwenda, bila kurudi nyuma. Mkono wa pili akaniachia mimi. Juu yake nikapaka rangi yangu ya chaki, na asubuhi nikaenda na tochi roho mkononi. Nyeupe. Mbu watatu tu.

Maua ndiyo yaliyonipa raha. Nilitaka waridi na mnyororo kama vilivyochongwa kwenye miimo ya mlango wa jirani yetu, basi nikaweka karatasi juu ya mlango, nikasugua penseli mpaka mchoro ukatokea. Stensili nikaikata kwenye filamu ya eksirei ya babangu, ya mguu aliovunja zamani. Haipasuki, haingii maji, na wembe unapita kama kwenye siagi. Alipoiona akasema, "Huo mguu wangu!" Nikamwambia umepona huo, baba. Akakaa pembeni kunitazama, na kila waridi likitokea alikuwa akiuliza limetoka sehemu gani ya ugoko. Rangi ya buluu niliigonga kwa kipande cha sponji la godoro, karibu kikavu. Waridi la kwanza nilichovya kwa tamaa, rangi ikatambaa chini ya filamu, likawa kama pweza. Lipo mpaka leo, ndani ya droo ya katikati.

Ikabaki stuli. Mguu wake mmoja ulikuwa umelegea, nikautia gundi na kuufunga kamba siku mbili. Kitambaa nilichonunua hakikwenda na buluu yangu. Mamangu akafungua sanduku lake, akapekua hadi chini kabisa, akatoa leso moja ya buluu na nyeupe, mji wake, ile sehemu ya kati, umejaa korosho, aliyoinunua Biashara Street zamani na haijawahi kuvaliwa. Mwenzake wa doti sikumwona, wala sikuuliza.

"Hii itafaa," akasema.

Nikaweka korosho kubwa katikati ya sponji, nikavuta kutoka kati kwenda pembeni, pembe nikazikunja kama sambusa na kupiga stepla. Mstari wa maneno ukaangukia chini ya ubao. Sikutaka kulikata jina la leso katikati, ni kama kukata ulimi wa mtu, basi nikaliacha zima, nikalibana pale chini. Nani atapindua stuli?

Harusi ikafika. Siku ya wanawake kuingia kuona chumba, kule Kisauni, udi ulikuwa unapigana na harufu ya rangi na asumini zimemwagwa kitandani. Wakavua mabuibui, wakapita wakigusa: mapazia, shuka, mlango wa kabati. Kwenye meza ya kioo wakasimama. Mmoja akapitisha kidole kwenye waridi, akauliza imenunuliwa duka gani. Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Shangazi yake bwana harusi hakuuliza. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miwani ya mnyororo. Alivuta droo, akazirudisha. Aliinama akatazama nyuma ya kioo. Kisha akaichukua stuli, akaipindua miguu juu, kama mzee fundi alivyoipindua ile droo, akasogeza miwani na kusoma kwa sauti, silabi moja moja:

"Mtasema mchana, usiku mtalala."

Chumba kizima kikanyamaza. Nilisikia kikombe cha kahawa kikiwekwa kwenye kisahani.

"Hii leso ya nani?"

"Ya zamani hiyo," mamangu akasema, bila kugeuka. Alikuwa anapanga asumini juu ya mto, moja moja, kama kwamba zimehesabiwa.

Shangazi akaitazama stuli, akamtazama mamangu mgongo. Akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, mabega yanatikisika, na wengine wote wakamfuata kwa kupumua. Akaisimamisha stuli, akaisogeza mbele ya kioo, akajishusha juu yake kwa uzito wake wote na kuanza kutengeneza mtandio. Mimi nilikuwa nautazama ule mguu wa gundi.