Stesheni ya Nachingwea: reli iliyoitangulia bandari yake

Ukiuliza kwa nini Nachingwea haina treni, utaambiwa ni karanga. Jibu hilo ni nusu tu. Karanga ziliileta reli na kushindwa kwa kilimo chake kukaipokonya shehena, lakini kilichoimaliza ni jinsi ilivyojengwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Urambo ilikuwa tayari kwenye Reli ya Kati, iendayo Kigoma, na Kongwa ilihitaji tawi fupi tu kutoka Msagali. Kusini, huko Nachingwea, ilibidi kuanza upya. Bandari yenye kina ilipangwa kujengwa Mtwara, ila mashine zilikuwa zinasubiriwa shambani, hivyo reli ikaanzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Hapo meli kubwa hazisogei. Mzigo ulipita kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, ukashushwa, ukapakiwa tena kwenye mabehewa.

Treni zikafika Nachingwea 1949. Januari 1951 mpango ukaachwa. Gati la Mtwara likafunguliwa 1954, nayo reli ikafikishwa huko. Hesabu miaka: bandari ilikuja miaka mitatu baada ya shehena kufutwa!

Tatizo la pili halisemwi sana. Upana wa njia ulikuwa mita moja, sawa na Reli ya Kati, lakini njia hizo mbili hazikugusana popote. Injini ikiharibika vibaya huwezi kuikokota hadi karakana ya Dar es Salaam. Ni kuipakia melini. Korosho, mzigo uliotegemewa baada ya karanga, zikijaa maghala huwezi kuazima mabehewa ya Morogoro. Halafu korosho ni mzigo wa msimu, Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, ilhali mataruma yanayobeba reli huchakaa, kalavati za kupitisha maji chini ya tuta huziba na nyasi huota mwaka mzima. Stesheni masta naye hulipwa hata ghala likiwa tupu. Njia ikafungwa 1962, reli zikang'olewa.

Anayetafuta mabaki asitafute chuma, asome ardhi. Barabara ya zamani hupanda kilima moja kwa moja. Reli haiwezi, mwinuko wake ni mita chache tu kwa kila mita mia, kwa hiyo huzunguka kwa kona pana, hukata kilima na kujaza bonde. Tuta jembamba lililonyooka au lenye kona pana, lenye kokoto zisizofanana na mawe ya hapo na kalavati ya zege chini yake, lina uwezekano mkubwa wa kuwa njia ya treni. Nenda kiangazi, nyasi zikiwa fupi.

Sasa inazungumzwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya Mchuchuma, kwenye makaa ya mawe, na Liganga, kwenye chuma. Safari hii bandari ipo tayari. Makaa ya mawe na chuma havingoji msimu, ila migodi isipochimba kwa wingi uliokusudiwa, mabehewa yatarudi kutegemea korosho.