Okeechobee na upepo wake: kuvua besi baada ya baridi kuingia

Tulitoka Miami alfajiri kwenda kuvua besi, samaki wa maji yasiyo na chumvi, kwenye ziwa Okeechobee huko Florida, Marekani. Tukashika barabara ya 27 kwenda Clewiston, mji ulio kando ya ziwa, na ukikaribia huko ni miwa tu kulia kushoto mpaka macho yanachoka. Baridi ilikuwa imeingia usiku wa jana yake, anga buluu halina hata wingu, na upepo wa kaskazini-magharibi unapiga kweli kweli. Wavuvi wa besi hali hii hawaipendi kabisa, maana besi wa Florida akipigwa na baridi ya ghafla anagoma kula, anajichimbia ndani ya majani ya majini anatulia huko, chambo kikipita mbio wala hakitazami.

Ziwa lenyewe ukiwa barabarani hulioni. Limezungukwa na tuta la kilomita kama 230, lililojengwa baada ya kimbunga cha 1928 kusukuma maji yakavunja tuta la udongo la zamani upande wa kusini, wakafa watu wasiopungua 2,500. Nilisimama juu ya tuta nikaona inavyowezekana: ziwa la kilomita za mraba kama 1,900 halafu kina chake kwa wastani hakifiki mita 3, upepo ukikaza maji yanasukumwa upande mmoja na tope la chini linapanda juu.

Kwa hiyo kule wazi, mawimbi meupe na maji rangi ya chai ya maziwa, tulipaacha. Tukatambaa na boti upande wa magharibi tukaingia nyuma ya mafunjo mazito na aisee, hatua chache tu ndani maji ni safi unaona shina mpaka chini. Besi wako hapo hapo, hawajaenda mbali.

Tulifunga chubwi zito la metali ya tungsteni, la kuzamisha chambo, na chambo kidogo cha plastiki, unakishusha wima kwenye tundu la majani, kikigusa chini unakiacha, unakiinua kidogo, unakiacha tena. Upepo unakunja mshipi huhisi kitu, hivyo ncha ya fimbo iwe karibu na maji na boti ifungwe kwenye nguzo uliyochomeka chini. Besi wa siku kama ile hagongi, unasikia uzito tu, mshipi unasogea pembeni taratibu, hapo vuta kwa nguvu asije akajizungusha kwenye mafunjo.

Jua lilipopasha yale majani mchana wakaanza kula, likaja jike moja nene tumbo limejaa mayai, nikalishika taya ya chini, mdomo wazi ngumi inaingia, nikalirudisha majini chapchap lisikaushwe na upepo. Mpaka jioni tulikuwa kwenye kipande kile kile cha mafunjo.